Samaki Naye Ana Sikio

Ndugu msikilizaji, wazee wetu walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hii tumezoea kuwatupia watoto wakaidi na walevi waliokwisha kuonywa mara tatu. Leo naomba ruhusa niigeuze kidogo. Je, ikiwa sikio ni zima kabisa, ila anayeonya ndiye anayesema kwa sauti ambayo sikio hilo halikuumbiwa kuisikia, lawama tumtwike nani?

Nauliza hivyo kwa sababu wiki chache zilizopita nilizungumzia hapa mabwawa ya umeme, na baadaye msikilizaji mmoja akanikuta kituo cha basi akanishika mkono. Akasema: "Mzee, umeeleza habari za saruji na za umeme, lakini hukueleza jambo moja. Tunapoziba mto, yule samaki aliyezoea kupanda na kushuka tangu enzi za mababu zake, nani humwambia kwamba njia imefungwa?" Kwanza nilicheka. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba swali lile halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Wapo watu ambao wamehangaika kwa zaidi ya miaka 60 kumwambia samaki jambo hilo hilo, tena kwa kutumia sauti chini ya maji. Historia ya mahangaiko yao ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Nianze na babu yangu. Nikiwa mtoto, likizo za shule nilikwenda kukaa kwake kando ya Ziwa Victoria. Usiku mmoja alinichukua mtumbwini. Wenzake walitandaza wavu kwa nusu duara, kisha babu akasimama, akashika upondo, akaanza kuyapiga maji: pu! pu! pu! Mimi nilishangaa, kwa kuwa mchana kutwa sisi watoto tulikuwa tukikaripiwa tunyamaze tusiwafukuze samaki. Nikamwuliza mbona yeye anapiga kelele. Akanijibu bila kugeuka: "Mjukuu wangu, ukitaka aende kule, mfukuze kutoka huku."

Sisifii uvuvi wa namna hiyo, maana huzoa wakubwa na wadogo pamoja. Lakini babu yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alikuwa anajua jambo ambalo maprofesa wa Ulaya walilibishania kwa miaka mingi, yaani kwamba samaki anasikia.

Naam, walilibishania. Kwamba sauti husafiri ndani ya maji hapakuwa na ubishi. Mwaka 1826, wataalamu wawili, Jean-Daniel Colladon wa Uswisi na mwenzake Charles Sturm, walikwenda Ziwa Geneva na mashua mbili. Kwenye mashua moja waliizamisha kengele majini, na mara ilipogongwa, baruti iliwashwa juu yake ili mwanga uonekane mbali. Aliyekuwa kwenye mashua ya pili, umbali wa zaidi ya kilomita 13, alizamisha bomba refu akatega sikio, akahesabu muda kati ya mwanga na mlio. Wakapata kwamba sauti hukimbia majini karibu mita 1,435 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Kwa hiyo sauti majini ipo, tena ina mbio. Je, samaki huisikia?

Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu mmoja wa Vienna, Alois Kreidl, alisimuliwa habari za samaki wa bwawa la watawa huko Kremsmünster, Austria. Ilisemekana kuwa mtawa akipiga kengele, samaki huja mbio kula. Kreidl akaenda kujionea. Akagundua kuwa samaki walikuja kwa sababu walimwona mtu akisimama ukingoni na kuhisi kishindo cha miguu yake. Kengele ilipopigwa na mtu aliyejificha, hawakuja. Yeye na wengine wakahitimisha kuwa samaki ni kiziwi.

Ubishi ulizimwa na mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa habari za nyuki. Huyo ni Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kueleza jinsi nyuki wanavyopashana habari kwa kucheza. Alikuwa na samaki mdogo wa jamii ya kambare, kipofu, aliyekaa ndani ya bomba la udongo kwenye tangi la maji. Kila alipomlisha, von Frisch alipiga mluzi kwanza. Baada ya siku chache alipiga mluzi bila kutia chakula chochote, na yule samaki akatoka bombani kutafuta mlo wake. Hakuwa na macho ya kumwona mtu, na chakula cha kunusa hakikuwepo. Alikuwa amesikia. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1923, na kuanzia hapo aliyesema samaki ni kiziwi alitakiwa kuleta ushahidi.

Hapa, ndugu msikilizaji, naomba utulie kidogo, kwa sababu ndipo penye ufunguo wa hadithi nzima. Si samaki wote wanaosikia sawasawa. Mwaka 1820 Mjerumani Ernst Heinrich Weber alikuwa ameeleza vifupa vidogo alivyoviona katika baadhi ya samaki. Vifupa hivyo vimepangana kama mnyororo, kutoka kwenye mfuko wa hewa ulio tumboni hadi kwenye sikio lililo ndani ya fuvu. Mfuko ule hufanya kazi kama ngozi ya ngoma: sauti ikifika, hutetemeka, na vifupa huupeleka mtetemo sikioni. Kambare anavyo vifupa hivyo. Samaki waitwao kapi wanavyo. Ningu wetu wa Ziwa Victoria anavyo pia. Hao ni wasikivu hodari. Lakini samaki wengine hawana, na huyu nitakayemzungumzia sasa ni mmoja wao.

Huyo ni samoni. Samoni huzaliwa mtoni, mbali barani, kwenye maji baridi yenye changarawe. Akiwa bado mdogo, mrefu kama kidole au zaidi kidogo, hushuka na mkondo hadi baharini. Huko hukaa miaka kadhaa, akanona, kisha hurudi kwenye mto ule ule aliozaliwa, akapanda maporomoko, akazaa. Samoni wa bahari ya Pasifiki akishazaa hufa. Kwa hiyo safari yake ni moja tu ya kwenda na moja ya kurudi. Ukimkatiza njiani, umekata ukoo.

Magharibi ya Marekani kuna mto Columbia, uliokuwa na samoni wengi mno. Katika miaka ya 1930 ulianza kujengewa mabwawa makubwa. Bwawa la Bonneville lilianza kazi mwaka 1938, nalo lilijengewa ngazi za maji ili samaki wakubwa wanaorudi wapande. Bwawa la Grand Coulee, lililokamilika mwaka 1942, halikujengewa ngazi yoyote, na huko juu yake samoni hawakufika tena. Lakini hata palipokuwa na ngazi palibaki tatizo la pili. Ngazi ni ya mkubwa anayepanda. Je, mtoto anayeshuka? Huyu hafuati ngazi, hufuata mkondo, na mkondo wenye nguvu ndio unaoingia kwenye mitambo yenye mapanga yanayozunguka.

Wahandisi wakakuna vichwa. Wavu wa kuzuia ungeziba kwa majani na magogo, na mtoto wa samaki angebanwa hapo hapo na nguvu ya maji. Ndipo wengine wakawaza: kwa nini tusimfukuze kwa kelele? Sauti haizibi na takataka, haizuii maji, wala haizuii mashua. Lilikuwa wazo zuri, na ndilo lile lile la babu yangu na upondo wake.

Katika miaka ya 1950 wakaanza kujaribu. Walitia vyombo vya sauti majini, wakapiga milio ya kila aina, kuanzia mizito hadi ile myembamba ambayo sikio la mwanadamu halifiki. Mwaka 1962 idara ya samaki ya serikali ya Marekani ikatoa taarifa ya Burner na Moore juu ya majaribio ya kuwaongoza samaki wadogo kwa sauti. Jibu lilikuwa la kukatisha tamaa. Samaki walishtuka mlio ulipoanza, halafu wakauzoea wakaendelea na shughuli zao. Nasi tunajua hali hiyo. Mgeni wa mjini usiku wa kwanza halali kwa honi za magari, lakini baada ya mwezi mmoja anakoroma.

Wengi walilifunga jalada wakasema sauti haifai. Lakini haikuwa haki kumlaumu samaki. Waliokuwa wakipiga milio walikuwa bado hawajajua vizuri samoni anasikia nini. Ilipofika mwaka 1978 ndipo wataalamu Hawkins na Johnstone walipochapisha vipimo vyao vya usikivu wa samoni wa Atlantiki. Vipimo vilionyesha kuwa sikio lake ni zito. Mlio wenye mitetemo zaidi ya 380 hivi kwa sekunde hausikii kabisa. Tena anachohisi zaidi ni ule msukumo wa maji yanayokwenda mbele na nyuma, kuliko shinikizo la sauti ambalo spika zetu zimeundwa kulitoa. Yaani sehemu kubwa ya milio ile aliyopigiwa, kwake ilikuwa ni kimya.

Wanorwei ndio waliofuata njia hiyo. Mwaka 1992 watafiti Knudsen, Enger na Sand walieleza kwamba watoto wa samoni walipopigiwa mtetemo wa mara 150 kwa sekunde hawakukimbia, lakini walipopigiwa mtetemo wa mara 10 tu kwa sekunde walikimbia, na waliporudiwa wakakimbia tena. Mtetemo wa mara 10 kwa sekunde wewe na mimi hatuusikii hata kidogo. Mwaka 1994 walitoa matokeo ya jaribio la mtoni, na huko nako watoto wa samoni waliokuwa wakishuka waliukwepa mtetemo huo. Baadaye, mwaka 2000, ikaripotiwa kwamba hata mikunga wa mto Imsa, Norwei, wanaposhuka kwenda baharini kuzaa, walikwepeshwa kwa mtetemo wa mara 12 hivi kwa sekunde.

Kwa nini mlio mzito namna hiyo? Maelezo yao ni mepesi kueleweka. Samaki mkubwa anaporuka kumkamata mdogo, husukuma maji mbele yake, na msukumo huo ni mtetemo wa chini kama huo. Mtoto wa samoni hakuwa anaogopa kelele. Alikuwa anamwogopa adui, na kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyemwambia kwa lugha anayoijua: hapa pana adui, pita kule.

Wakati huo huo, jamii nyingine ya samaki ilikuwa ikitoa somo la kinyume. Hao ni samaki wa ukoo wa heringi, ambao simu wa pwani yetu ni ndugu zao. Huko Marekani, kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha FitzPatrick kando ya Ziwa Ontario, samaki wa ukoo huo walikuwa wakivutwa kwa wingi kwenye bomba la maji ya kupozea mitambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipigiwa mlio mwembamba ajabu, wa mitetemo zaidi ya 120,000 kwa sekunde. Walionaswa wakapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Watu wakashangaa, kwa kuwa haikujulikana kwamba samaki anaweza kusikia mlio wa namna hiyo. Mwaka 1997 Mann, Lu na Popper wakathibitisha kwamba samaki mwingine wa ukoo huo, anayepanda mito ya mashariki ya Marekani, anasikia hadi mitetemo 180,000 kwa sekunde. Inadhaniwa kuwa sikio hilo limemkaa kwa sababu pomboo humwinda kwa milio myembamba kama hiyo. Hapa tena, anayesikika ni adui.

Huko Ubelgiji, kwenye mto Scheldt, kituo cha nyuklia cha Doel kiliwekewa spika za chini ya maji zenye mlio wa kati ya mitetemo 20 na 600 kwa sekunde. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa heringi walioingia bombani walipungua kwa karibu asilimia 95. Lakini samaki bapa wale wanaolala mchangani, ambao hawana mfuko wa hewa, hawakujali sana. Uzio ni mmoja na mlio ni mmoja, lakini mmoja amesikia na mwingine hakusikia. Nadhani sasa unaona, ndugu msikilizaji, kwa nini nilikuomba utulie kwenye habari za vifupa.

Sasa nikupeleke mahali ambapo jambo hili limekuwa na uzito wa kufa na kupona. Ni jimbo la California, kwenye mto Sacramento. Mto huo unatoka kaskazini, unafika kwenye delta yenye mikono na mifereji mingi, halafu unaingia kwenye ghuba ya San Francisco na bahari. Mwaka 1945 lilikamilika bwawa la Shasta huko juu. Lilifunga njia ya samoni kwenda kwenye vijito vya milimani, ukiwemo mto McCloud, ambao watu wa kabila la Winnemem Wintu waliishi kando yake na kumheshimu samoni kuliko kitoweo. Kusini mwa delta zikajengwa pampu kubwa za kuvuta maji kuyapeleka mashambani na mijini. Leo zaidi ya watu milioni 20 wanatumia maji yanayopitia hapo, na matunda na mboga za mashamba hayo huliwa Marekani nzima.

Katika mto huo kuna samoni wa aina ya pekee, ambaye hupanda mtoni majira ya baridi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 waliorudi kuzaa walikuwa karibu 100,000 kwa mwaka. Mwaka 1991 walikuwa kama 200 tu. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ikawaandika rasmi kuwa wamo hatarini kutoweka. Kijiji cha watu 200 hakijai hata ukumbi mmoja wa shule.

Hatari kwa watoto wa samoni wanaoshuka haiko kwenye pampu peke yake. Karibu na mji mdogo wa Walnut Grove mto unagawanyika. Upo mfereji uliochimbwa na watu mwaka 1951, nao una malango, ambayo hufungwa miezi ya Februari hadi Mei samaki wanaposhuka. Lakini chini yake kidogo upo mkono wa asili uitwao Georgiana Slough, ambao hauna lango. Mtoto wa samoni anayeingia humo hupelekwa ndani ya delta, kwenye maji yenye samaki walao wenzao na yanayovutwa kuelekea kwenye pampu. Wanaookoka humo ni wachache sana kuliko wanaofuata mto wenyewe. Kuuziba mkono ule kwa ukuta si jambo jepesi, kwa kuwa mashua hupita hapo, na maji yake matamu husaidia kuzuia chumvi ya baharini isipande deltani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 spika zilijaribiwa hapo. Baadaye uliletwa uzio wa namna mpya uliobuniwa Uingereza. Nitajaribu kuueleza. Bomba lenye matundu hulazwa chini ya mto, na hewa hupuliziwa humo hadi mapovu yapande kama pazia. Vyombo vya sauti hutoa mlio mzito, na mapovu huufungia mlio ule ndani ya pazia, ili samaki aukute pale pale badala ya kuusikia mto mzima asijue pa kukimbilia. Kisha taa zinazomemeta hulimulika pazia ili alione. Mapovu, mlio na mwanga, vyote vitatu kwa pamoja. Hakuna ukuta, na mtu anaweza kuutumbukiza mkono upande wa pili.

Mwaka 2011 uzio huo, wenye urefu wa karibu mita 200, uliwekwa kwenye mdomo wa Georgiana Slough. Watoto wa samoni kama 1,500 walitiwa tumboni vifaa vidogo vya kutoa milio, ili kila mmoja afuatiliwe njia aliyopita. Uzio uliwashwa na kuzimwa kwa zamu. Ulipozimwa, karibu 22 katika kila 100 waliingia kwenye mkono ule wa hatari. Ulipowashwa, waliingia kama 7 au 8 katika kila 100. Mwaka uliofuata jaribio likarudiwa, na safari hii walioingia walipungua kwa kama nusu. Katika miaka ya 2020 uzio wa namna hiyo umerudishwa mahali hapo hapo ufanye kazi.

Ningeweza kuishia hapo tukapiga makofi. Lakini mwenzangu wa kituo cha basi hakuniuliza nimsifie mtu, aliuliza samaki anaambiwa nini. Kwa hiyo sharti niseme na upande wa pili.

Kwanza, samaki anaweza kusikia onyo na bado asiweze kulitii. Mto ukijaa na mkondo ukawa mkali, mtoto wa samoni huukuta mlio akiwa amekwisha kubebwa. Anageuka, anapiga mkia, lakini nguvu ya maji inamshinda. Katika maji mengi uzio ule hupungua faida.

Pili, adui naye anasoma. Miaka ya 2009 na 2010 uzio kama huo ulijaribiwa kwenye mto jirani, San Joaquin. Mwaka 2009, ambao ulikuwa wa maji machache, karibu wanane katika kila kumi waliofika kwenye uzio waligeuka. Lakini karibu na hapo palikuwa na shimo refu lililochimbwa na mkondo, na humo wakakaa samaki wakubwa wanaokula wenzao. Waliogeuzwa na uzio wengi wakaishia vinywani humo. Ndiyo yale ya kuruka majivu na kukanyaga moto.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, sauti haitoi maji. Mwaka 2014 na 2015 California ilikumbwa na ukame mkali. Maji yaliyotoka bwawa la Shasta yakawa na joto kupita kiasi, na zaidi ya asilimia 90 ya mayai na vifaranga wa samoni wa majira ya baridi wakafa kabla hawajaanza safari. Hao hawakufika kwenye uzio wowote. Uvuvi wa biashara wa samoni wa baharini ulifungwa California mwaka 2008 na 2009, ukafungwa tena mwaka 2023, 2024 na 2025. Mvuvi ambaye mashua yake ilifungwa kamba bandarini miaka mitatu mfululizo, ukimweleza habari za mapovu na taa atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuuliza maji yako wapi.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Uzio wa sauti ni kitu kizuri kinapokuwa nyongeza ya ulinzi. Lakini ni rahisi mno kwa mwenye pampu kusema: samaki sasa wana uzio, basi nipeni ruhusa nivute zaidi. Kitu kilicholetwa kumlinda mnyonge kinageuka kuwa hoja ya kumpunguzia haki yake. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba mazungumzo ya namna hiyo nimeyasikia katika mambo mengine mengi, si ya samaki pekee.

Nasi tuna mito. Tana, Pangani na Rufiji yote ina mabwawa. Ziwa Victoria lilikuwa na ningu tele, ambao mvua zikianza walipanda kwa makundi mito kama Nzoia na Yala, na mto Kagera, kwenda kuzaa. Baba zetu waliwajua kwa utamu. Katikati ya karne iliyopita nyavu zikawa zinatandazwa midomoni mwa mito wakati ule ule wa kupanda, na makundi yakapungua hadi vijana wa leo wanalisikia jina tu. Ningu hakuangamizwa na ukosefu wa spika. Alikuwa na sikio bora kuliko samoni, na vifupa vyote vya Weber. Kilichokosekana ni watu wa kukubaliana kwamba majira fulani mdomo wa mto uachwe wazi.

Kwa hiyo kwa ndugu yangu wa kituo cha basi jibu langu ni hili. Ndiyo, samaki anaweza kuambiwa kwamba njia ina hatari, na watu wamefika mahali pa kumwambia akaelewa. Lakini ilibidi kwanza waache kupiga kelele wajifunze anavyosikia, na kazi hiyo imechukua miaka mingi kuliko kujenga bwawa lenyewe. Tena kumwambia peke yake hakutoshi. Ukimfukuza kutoka huku, kama alivyosema babu yangu, ni kwa sababu unataka aende kule. Basi ni lazima huko kule kuwe na maji, yawe ya baridi, na yawe yanafika baharini.

Anayejenga bwawa kesho, na alijibu hilo kabla ya kumwaga saruji. Samaki sikio analo. Tumeona wazi nani alikuwa hasikii.